Kompyuta ya Kifungua Mimba

Nilikuwa nakamua shuka, shoga yangu mshonaji aliponipigia simu analia. Kitinda mimba wake alikuwa amemwaga chai ya maziwa juu ya kompyuta ya dada yake marehemu, kifungua mimba. Sauti ya yule binti ilikuwa imebaki humo tu, kwenye masomo aliyokuwa akijirekodi akisoma.

"Umeizima?" nikamuuliza.

"Nimeiwasha nione kama imepona."

"Wewe nawe! Izime, igeuze kifudifudi, umpelekee fundi."

Fundi alitoa betri akabaki nayo, akamwambia kompyuta ikauke kwanza siku tatu nyumbani. "Mama, siwezi kukuahidi kitu," alisema.

Yaliyofuata shoga yangu alinisimulia mwenyewe, na si mtu wa kutunga. Aliiweka mezani, imeinamishwa kama hema. Jioni umeme ukakatika. Gizani yakasikika matone, moja moja, ingawa chai ilishafutwa tangu asubuhi. Akapakua chakula kwa kupapasa. Kwake hakuna anayekula kabla ya watoto kuhesabiwa, kuanzia mkubwa, na tangu msiba alikuwa akianzia wa pili. Siku hiyo ulimi ukateleza.

"Wa kwanza?"

Kijiko kikaanguka.

"Nipo, mama," sauti ikajibu kutoka kwenye kompyuta. "Ila nimelowa."

Kitinda mimba akaanza kulia. Shoga yangu akaita wa pili, akaita wa tatu, wakaitika. Hesabu ikatimia. Akatoa sahani moja zaidi, akapakua, na kando yake akaweka taulo kavu.