Shangwe Zilizofutwa

Foleni ya gari linalouza taco, zile chapati za Kimeksiko zilizokunjwa na nyama, nje ya studio, pale Burbank, ilikuwa ndefu adhuhuri ile, na mwanamume aliyekuwa mbele ya Nadine Kazarian akageuka ghafla na sahani yake. Mchuzi wa pilipili wote ukaishia kwenye blauzi ya Nadine.

"Ole wangu! Samahani, dada!"

"Samahani itafua?"

"Nitafua mwenyewe. Nipe."

"Nikupe hapa hapa, mbele za watu?"

Wakacheka, na hasira za Nadine zikaishia hapo. Jamaa alikuwa Wendell Pruitt, mrefu, koti la jinzi, yule anayeigiza jirani asiyebisha hodi katika kichekesho cha runinga. Nadine alikuwa fundi sauti wa kipindi hicho hicho. Kazi yake ilikuwa kurekebisha vicheko vya watazamaji wa studioni kabla kipindi hakijarushwa. Palipopoa anaongeza, palipozidi anapunguza. Kila Wendell alipofungua mlango, watazamaji walipiga makofi hadi maskini akabaki ameshika kitasa kama mtu aliyesahau kilichomleta. Jambo hilo lilimkera Nadine kikazi tangu zamani. Baada ya mwezi wa simu za jioni na matembezi ya Jumapili, likamkera zaidi.

"Wanawake wale wanakushangilia nini hasa?"

"Wananipenda."

"Wote?"

"Wote, laazizi. Ila ninayempigia simu ni mmoja."

Kisha waandishi wakaamua jirani ambusu mwenye nyumba, aliyeigizwa na Giselle, msichana mwenye miguu mirefu na gauni jekundu lililombana ipasavyo. Wakarekodi Ijumaa. Jumatatu Nadine akavaa visikilizio vyake, akalikuta busu.

"Uuuuuuuh!" watazamaji walipiga kelele, wanawake hasa, kana kwamba wamebusiwa wao. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akazifuta shangwe zote, na mahali pake akaweka kicheko chembamba, cha watu wanaomwonea haya mgeni.

Alhamisi Wendell akapiga simu. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Wakubwa wamekitazama kipindi. Wanasema busu limepoa, watu hawanitaki. Wananiondoa."

Nadine akainuka, akaufunga mlango.

"Lakini nilisikia shangwe, mpenzi. Nilikuwa pale! Au nilijidanganya?"

"Hukujidanganya," akasema Nadine. "Nilizifuta mimi."

"Ulifanya nini?"

"Niliona wivu, Wendell."

"Si ungenitukana? Si ungenipiga hata kibao? Umenifanya nijione si kitu!" Akakata simu.

Nadine aliichukua sauti ya awali, akaenda nayo mwenyewe kwa wakubwa, akawasikilizisha na kukiri kosa lake. Wendell akabaki kwenye kipindi, Nadine akaondolewa. Akampigia Wendell asubuhi na jioni. Simu haikupokelewa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alipanga foleni na watalii waliokuja kutazama kipindi kikirekodiwa, kavaa gauni la kijani na midomo kaipaka rangi, akaketi safu ya nyuma. Wendell akaingia, makofi yakarindima, akasimama ameshika kitasa. Giselle akajitokeza na gauni lake jekundu. Waandishi walikuwa wameandika busu jingine; wakabusiana. Studio nzima ikalipuka, na busu likaendelea, likaendelea, hadi Nadine akajikuta amesimama.

"Jamani, inatosha!"

Watu wakaangua kicheko. Wendell naye kikamtoka, mdomo kwa mdomo na Giselle. Mwongozaji akapiga ukelele wa kusimamisha. Wendell akakinga macho dhidi ya mataa, akimtafuta.

"Nadine? Umeingiaje?"

"Nimepanga foleni kama wengine. Simu zangu si hupokei!"

"Nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Bado ninazo. Lakini uliyowaambia wakubwa nimeyasikia, na nimekukumbuka mno. Hebu kaa chini, mpenzi. Ukinyamaza tutamaliza mapema, nikupeleke nyumbani."

"Aaaaaaw!" wakaimba watazamaji wote kwa pamoja, na hakuna sauti Nadine aliyoichukia kama hiyo maisha yake yote. Akaketi, uso unamwaka kwa aibu, machozi yanamtoka, na tabasamu limegoma kufichika.

"Haya, tunarudia busu!" akaita mwongozaji.

Nadine akauma midomo asipige kelele tena, akalikodolea macho busu hadi mwisho.