Uso Si Kola ya Shati

Chiriku aliwajua watu kwa kola zao. Kola yenye poda ilikuwa ya kinyozi. Kola yenye chaki ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Hakuwa akiwajua hivyo zamani. Zamani aliwajua kwa nyuso, kama watu wote wanavyojuana.

Duka lilikuwa la dobi, la mama yake. Mbele palikuwa na kaunta, kiti kimoja cha mteja na dirisha kubwa. Nyuma palikuwa na mashine ya kufulia, mabeseni, meza ya pasi, na mlango wa kwenda uani kwenye kamba za kuanikia. Katikati lilipita bomba refu la chuma. Kwenye bomba hilo zilitundikwa nguo na mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi. Mtu akisimama nyuma ya nguo hizo, haonekani hata viatu.

Hapo ndipo Chiriku alipokuwa akishinda siku hizi.

Jina la Chiriku alipewa na wateja, kwa sababu mdomo wake haukupoa. Alipomaliza shule aliingia kwenye kaunta, na duka likachangamka. Mwenye suti mpya alisifiwa. Aliyepoteza kifungo alitaniwa. Palikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mke, mwenye mashati ya mistari. Alileta shati moja moja, ingawa angeweza kuyaleta yote kwa pamoja. Alikaa kwenye kile kiti akapiga soga na Chiriku mpaka akasahau alikokuwa akienda.

Kisha chunusi zikaja. Hazikuja moja au mbili. Zilijaa kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikafika kidevuni. Nyingine zilikuwa ngumu, zikimuuma akilalia upande. Siku moja mteja akamwambia huku akipokea suruali yake, "Binti, uso umekuwa kama njia ya kokoto. Huogi?" Akacheka mwenyewe, akaenda zake. Labda alikuwa ameshasahau kabla ya kufika kona. Chiriku hakusahau. Kesho yake alimwambia mama yake kwamba anapenda zaidi kupiga pasi.

Mama hakuwa mtu wa kuulizauliza. Kazi ilikuwa nyingi. Alinunua kengele ndogo ya mezani, akaiweka juu ya kaunta. Mteja akiibonyeza, mama anatoka nyuma kumhudumia.

Ting.

Chiriku alipoisikia mara ya kwanza alisimama na pasi mkononi. Mtu mzima nafasi yake imechukuliwa na kitu kidogo kama kikombe, na duka linaendelea.

Ting. Sauti ya mzee wa mashati ya mistari ikasema, "Chiriku yuko wapi?"

"Yupo nyuma, ana kazi," mama akajibu.

"Ahaa. Nisalimie."

"Zitafika."

Salamu zilikuwa zimeshafika. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya makoti, hatua chache tu, ameshika shati la mzee huyo huyo. Angenyoosha mkono angemgusa bega. Hakunyoosha. Mzee hakukaa kwenye kiti. Tangu siku hiyo akawa analeta mashati yote kwa mfuko mmoja, anaondoka.

Nyumbani nako kulikuwa vivyo hivyo. Chiriku alikula chumbani kwake. Rafiki zake walimtumia ujumbe, akanyamaza, nao wakachoka. Kioo alikigeuza, kikatazama ukuta.

Si kwamba hakutafuta dawa. Alikwenda kituo cha afya, akaandikiwa tyubu ya dawa ya kupaka. Lakini kwenye dirisha la dawa foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wamesimama mgongoni kwake. Mfamasia alianza kumweleza namna ya kupaka. Chiriku, kwa aibu, aliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia neno. Akaitia tyubu mfukoni, akatoka mbio.

Kwa hiyo aliitumia kwa elimu aliyokuwa nayo. Na elimu aliyokuwa nayo ilikuwa ya dobi.

Mama yake alikuwa na msemo wake. "Doa halibembelezwi. Sugua, weka dawa ya kutosha, sugua tena. Likikaidi, ongeza." Chiriku alikua akiusikia msemo huo kama watoto wengine wanavyosikia nyimbo za kulalia. Basi akachukua brashi ya kusugulia kola. Akausugua uso kwa sabuni ya kufulia. Kila chunusi akaipachika donge la dawa. Akafanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kisha akatoka uani kuanika mashuka, jua likiwa la utosi.

Siku chache tu zikatosha. Uso uliwaka kama umepakwa pilipili. Ukawa mwekundu, ukababuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Hata machozi yalimchoma yalipopita. Alikuwa peke yake bafuni, na hakuwa na wa kumwambia. Aliitupa tyubu ndani ya kopo la vifungo la dukani. Akajiambia kwamba yeye ndiye mtu wa nyuma ya nguo, na ataendelea kuwa hivyo.

Asubuhi moja mama alijitwisha furushi la mashuka ya nyumba ya wageni.

"Naenda kuyafikisha. Kengele ikilia, toka."

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Miguu haina chunusi."

Akaondoka. Haikupita muda.

Ting.

"Karibu," Chiriku alisema, bila kutoka.

"Nimeshakaribia," ikajibu sauti ya mwanamke. "Naongea na nani, na shuka?"

"Sema tu unachotaka, nitakupa."

"Makoti meupe matatu. Moja lilikuwa na wino mfukoni."

Mkono ukatokeza kati ya mashuka. Ulishika makoti matatu.

"Asante, mkono," mteja akasema. "Wino umetoka kabisa. Mpe hongera mwenye mkono, ukimwona."

Chiriku alitaka kucheka. Ngozi ya mashavu ikavutika, akaguna kwa maumivu.

"Umeungua na pasi?"

"Si pasi. Ni dawa."

"Dawa gani?"

Chiriku akajisogeza nyuma zaidi, mashuka yakatikisika.

"Dada, mimi ni daktari wa ngozi," mteja akasema. "Nikivaa makoti haya huwa natazama nyuso za watu kutwa nzima. Hutanishtua. Ila kutibu shuka sijasomea."

Chiriku akatoka. Aliinamisha kichwa, lakini alitoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu asiye mama yake kumtazama usoni bila yeye kukimbia. Daktari hakusema "maskini". Alimtazama kama Chiriku mwenyewe anavyotazama kitambaa kabla ya kukifua.

"Kailete hiyo dawa."

Chiriku akaitoa kwenye kopo la vifungo. Daktari akasoma maandishi ya tyubu.

"Dawa ni nzuri. Iko kwenye kundi linaloitwa retinoidi. Hebu nieleze ulivyoipaka. Usinifiche, sitakuchapa."

Chiriku akaeleza yote: maneno ya yule mteja aliyemwambia haogi, brashi, sabuni ya kufulia, madonge, jua. Alipokuwa akieleza, mama alirudi. Alisimama mlangoni, mikono mitupu.

"Brashi ipi?" mama akauliza.

"Ya kola."

Mama akauegemea mlango. Wateja wachache walikuwa wamewahi kumwona hivyo.

"Sasa nisikilize," daktari akasema. "Akikuletea mtu gauni la hariri, utalisugua kwa brashi hiyo?"

"La! Litaharibika."

"Kwa nini hukuuonea uso huruma kama hiyo? Chunusi si uchafu. Aliyekwambia huogi hajui kitu. Ngozi ina vitundu vidogo vinavyotoa mafuta. Vikizibika kwa ndani, mafuta yanakwama, vijidudu vya ngozi vinaongezeka, chunusi inavimba. Brashi haifiki huko. Inaichubua ngozi ya juu tu."

"Na dawa inafika?"

"Inafika, polepole. Inazuia vitundu visizibike. Ndiyo maana haipakwi juu ya chunusi peke yake. Inapakwa eneo lote ambako chunusi hutokea, hata pale ambapo leo ni pasafi. Unazuia ile ambayo bado haijatokea."

Mama akavuta kiti cha mteja, akaketi. "Ipakwe kiasi gani?"

"Punje moja ya njegere, kwa uso mzima."

"Punje moja?" mama akashangaa. "Hiyo si ya kumtibu panya?"

"Panya utampaka kidogo zaidi," daktari akasema. "Ukizidisha, huponi haraka. Unaungua haraka."

Akamgeukia Chiriku. "Kwanza acha dawa mpaka wekundu na kubabuka viishe. Tumia sabuni laini ya uso na mafuta mepesi ya kulainisha ngozi. Ngozi ikitulia, anza upya. Jioni unapokwenda kulala, osha uso kwa vidole, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo. Subiri ukauke kabisa. Paka ile punje, usikaribie macho, midomo wala matundu ya pua. Kisha paka mafuta yako na unawe mikono. Anza usiku mara mbili kwa wiki. Ngozi ikizoea, usiku mmoja paka, mmoja ruka. Mwisho utafika kila usiku, kama ngozi inakubali."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi krimu ya kukinga jua, na kofia pana ukitoka. Dawa hii inaifanya ngozi iungue na jua upesi. Kuanika mchana, hapana."

"Nitaanika mimi," mama akasema.

"Jambo jingine. Una mimba? Au unatarajia kupata?"

Chiriku akamtazama mama yake, akamtazama daktari. "Mimi ninaongea na mashuka tu, daktari. Mimba itoke wapi?"

Mama akakohoa. Daktari akacheka, kisha akawa makini. "Namuuliza kila mwanamke. Dawa hizi hazitumiwi na mjamzito wala anayetafuta mtoto. Hali ikibadilika, acha mara moja uje uniambie. Na usimgawie mtu tyubu yako. Usichanganye na krimu za kung'arisha ngozi wala ndimu. Uso ukivimba au ukitoka malengelenge, acha uje."

"Nitapona lini?"

"Hapo ndipo wengi wanapokimbia. Wiki za kwanza ngozi inaweza kukauka kidogo, na chunusi zinaweza hata kuongezeka. Hesabu kati ya miezi miwili na mitatu ndipo uone tofauti. Njoo kliniki nikuangalie kabla ya hapo." Alibeba makoti yake. Mlangoni akageuka. "Usingoje uso uishe chunusi ndipo uanze kuishi. Uso hauna haraka, lakini watu wanasahau."

Jioni hiyo mama aliitoa brashi bafuni, akairudisha kwenye mabeseni. "Kwenye nguo msemo wangu ni wa kweli," alisema. "Sikukwambia kwamba una mipaka."

Chiriku akaanza upya. Hakurudi mbele. Maneno ya daktari aliyasikia, lakini miguu ilikuwa imezoea nyuma. Kila alipopaka ile punje alihisi kama hajapaka kitu. Ngozi ilikauka kidogo. Akaruka usiku mmoja zaidi, akaongeza mafuta, ikatulia. Kisha chunusi zikaongezeka, kama ilivyotabiriwa. Alikaa kitandani na tyubu mkononi, akitaka kuitupa tena.

Mama akachungulia. "Daktari alisema zinaweza kuongezeka?"

"Alisema."

"Zimeongezeka?"

"Zimeongezeka."

"Basi anajua anachosema. Paka ulale."

Akapaka, akalala.

Mvua zikaja, zikaondoka. Mama alianika, akalalamikia mgongo, akaanika. Chunusi ngumu zikaanza kulainika, zikapungua. Mpya zikawa zinatokea moja moja, kisha kwa nadra. Alama nyeusi zilibaki mashavuni, na daktari akamwambia hizo zinafifia taratibu, asiache dawa wala kofia. Chiriku akakigeuza kioo. Uso uliomtazama haukuwa laini kama hariri. Ulikuwa wake.

Kesho yake alikwenda mbele. Kaunta aliiona ndefu kuliko zamani. Aliichukua ile kengele, akaitia kwenye kopo la vifungo, akafunika. Kisha akasimama, mikono haijui pa kukaa.

Mzee wa mashati ya mistari akaingia na mfuko wake. Akaupeleka mkono kwenye kengele bila kutazama. Mkono ukagusa ubao mtupu. Akainua macho.

"Shikamoo, babu," Chiriku akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba." Mzee akamtazama usoni, kwa muda. Chiriku hakuinama. "Ulisafiri?"

"Hapana. Nilikuwa hapa nyuma."

Mzee akatazama nyuma ya Chiriku, zile hatua chache hadi kwenye nguo zilizotundikwa.

"Kumbe," akasema. "Mbali hivyo."

Chiriku alivuta mfuko, akatoa mashati, akaanza kuyakagua moja moja.

"Babu, hili limepoteza kifungo. Umekila?"

Mzee akavuta kile kiti, akaketi.

Siku chache baadaye alirudi. Alileta shati moja.