Mkono wa Ngari Umekataa Kuachia

Wewe, umewahi kusikia mashine imechomolewa kwa stima na bado inanguruma?

Joyline alisikia, saa nane mchana, kwa kibanda chake cha fundi hapo Majimbo. Degree ya electrical iko ukutani, kazi haiko. Wakubwa walisema vijana wajiajiri, basi akajiajiri. Mbele yake kulikuwa na amplifaya ya gitaa ya zamani, ile ya valvu, vichupa vya glasi vinavyowaka rangi ya chungwa. Mwenyekiti wa kanisa, Mzee Mbaka, ndiye aliyeileta. "Toa hiyo mngurumo, halafu uniwekee Bluetooth. Harambee ni Jumapili."

Bluetooth! Kwa mashine ya umri wa nyanyake.

Joyline alifungua mgongo wa mashine. Waya wa earth, ule unaomlinda mtu asichapwe na stima, ulikuwa umekatwa kwa koleo na kufungwa tepu vizuri. Ujanja wa wavivu: ukiukata, mngurumo unapungua, na anayeshika gitaa na maiki pamoja anaweza kufa.

Kama Ngari. Mpiga gitaa huyo wa kanisa alianguka akafa madhabahuni mwaka jana, gitaa na maiki mkononi, na Mbaka akawa wa kwanza kunong'ona ati mke wa Ngari, Wanja, alimtilia sumu kwa uji. Mashemeji wakamfukuza shambani bila hata sufuria. Siku hizi anauza sahani za githeri nje ya kibanda hicho hicho cha Joyline.

"Mama, kuja," Joyline aliita polepole. "Unasikia harufu gani?"

Wanja alisimama mlangoni. "Nywele zinaungua. Woi. Ndiyo harufu alikuwa nayo siku ile."

Mbaka akaingia bila hodi. "Umemaliza?"

"Chair, nani alikata hii waya?"

"Wachana na hiyo! Nilikwambia mngurumo, sikukwambia upekue."

Ndipo valvu zikawaka, plagi ikiwa imelala sakafuni, zikawaka moja baada ya nyingine kama makaa yanayopulizwa na mtu asiyeonekana, na mngurumo ukapanda kutoka kwa spika ukaingia kwa meno na kwa mbavu, ukawa pumzi, ukawa sauti ya mtu anayekabwa, na Mbaka, aliyekuwa ameweka kiganja juu ya sanduku ili alibebe atoroke, akavuta mkono na mkono haukuja.

"Chair," spika ilisema, "mkono wangu umekataa kuachia."

"Ngai, Mungu wangu," Joyline alinong'ona. "Mama, mwambie amwachilie. Please."

Wanja alipangusa vidole kwa leso. "Ngari, usimwachilie. Aseme kwanza."

"Niliikata mimi," Mbaka alilia kwa sauti ya chini. "Nilijua ni stima. Niliogopa jela. Mama, nisamehe."

"Hapa tumesikia sisi wawili," Wanja alimjibu. " Kanisa halijasikia."

Mkono ukaachia. Joyline akaunga waya, amplifaya ikanyamaza kabisa. Lakini Jumapili, Mbaka alipokaa kiti cha mbele na kufunga mdomo, mngurumo ulitoka chini ya tai yake. Kina mama wakavuta watoto. Kamati ya kanisa ilisikia. Kamati ikaambia kwaya iimbe kwa nguvu.

Sasa nyinyi wa kamati, suti safi, roho chafu: mrudisheni Wanja shambani kwake kabla mvua haijaanza. Simameni mbele ya watu mseme nani aliua na nani alisingiziwa. We are not asking. Na maiki ashike Mbaka mwenyewe, mkono mtupu, ule mwingine ukiwa kwa gitaa ya Ngari.