Wavu Ndani ya Damu

Mitumba ilipoanza kumiminika Singida mjini, hata wake za wachungaji walipigana vikumbo mnadani. Siku hiyo Aneth, mpima damu wa hospitali, alikuwa amening'inia kwenye gauni la bluu akiligombea na mama mmoja.

"Dada, ukilivuta hivyo utalivaa vipandevipande," muuzaji akamcheka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooka, macho yake ya manjano.

"Na wewe punguza pombe, macho yanakusema."

"Mimi? Hata togwa iliyochacha sijaonja! Naitwa Nathan, mchokozi wewe."

Wakapendana kufa na kupona. Lakini kila Aneth alipotaja ndoa, Nathan aligeuza mazungumzo. Mwishowe Aneth akachoka.

"Kama una mwingine, sema nijue moja."

"Sina. Mama yangu ni mchawi, Aneth. Aliwala dada zangu wawili. Walianza na macho haya haya, wakaishiwa damu. Ukoo ukamfukuza, yuko kijijini Issuna peke yake. Mwaka wa tisa sijampa hata shikamoo. Tukizaa, atawala na wanetu."

Aneth hakubishana naye. Alimchoma kidole, akaweka tone la damu chini ya hadubini. Chembe nyekundu kwa kawaida hubonyea katikati; zake zilikuwa duara kama gololi. Akamuuliza daktari wa hospitali, kisha akamweleza Nathan alivyofafanuliwa: ndani ya kila chembe mna wavu ulioshikizwa kwenye utando wake. Vishikizo vikiwa pungufu, utando hulegea, chembe huwa duara, na bandama huziharibu, damu ikapungua na macho yakawa manjano. Ugonjwa huo mtu huzaliwa nao, akiurithi kwa mzazi.

"Baba yako alikuwa na macho gani?"

"Ya manjano. Tulisema ni pombe."

"Basi mama hana kosa, mpenzi. Mfuate."

Siku ya tatu simu ya maabara ikalia. Nathan alikuwa amefika hadi Manyoni kutafuta simu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kaburini. Alikufa tangu masika, Aneth. Majirani wawili ndio waliomzika."

Aneth alilia bila kujificha, wagonjwa wakimtazama.

"Rudi, Nathan. Tuoane."

"Tukipata mtoto wa macho haya, ukoo utasema mchawi ni wewe. Watakufukuza."

"Najua. Siku hiyo wewe utakuwa upande gani?"

Kwikwi ikasikika kwenye simu.

"Wako. Mama nilimwacha. Wewe sikuachi."

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya baba yangu."