Orodha ya Komeo

Kila Jumamosi asubuhi Komeo aliamka bila kuamshwa, akanywa chai yake harakaharaka, kisha akaenda uwanjani na shangazi yake. Shangazi alikuwa mfuaji wa jezi za klabu tangu uwanja ukiwa vumbi tupu. Komeo alikuwa na miaka kumi na tatu, kipa na nahodha wa timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na minne. Jina lile alipewa kwa sababu kupitisha mpira langoni kwake ilikuwa shughuli pevu.

Vumbi lilikwisha Bosi alipoingia. Bosi alikuwa mtoto wa mji huohuo, aliyeuza saruji mpaka akatajirika, kisha akaamua kuifufua klabu iliyomlea. Kwa mwaka mmoja tu uwanja uliota nyasi, jukwaa likaezekwa mabati, na vyumba vya kubadilishia nguo vikapata maji ya bomba. Watu walimpenda, na hawakukosea kumpenda. Walikosea jambo moja tu: waliogopa kumwambia hapana.

Siku hiyo ilikuwa nusu fainali. Chumbani, wenzake wakiwa tayari wamevaa jezi mpya alizonunua Bosi, Komeo alimkuta kocha, Bosi mwenyewe, na msichana mrefu aliyeitwa Twiga.

"Shikamoo Bosi. Shikamoo kocha."

"Marahaba. Huyu atacheza mbele leo," kocha alisema, macho yake kwenye viatu. "Mwandike. Ana miaka kumi na tatu."

Katika ligi ile, kocha hakuruhusiwa kuandika orodha ya wachezaji. Nahodha aliiandika kwa mkono wake, akatia saini kuthibitisha kwamba hakuna aliyezidi umri. Na Twiga alikuwa jirani wa Komeo. Mwezi uliopita tu Komeo alikula keki ya Twiga ya kutimiza miaka kumi na sita, tena aliomba kipande cha pili.

"Samahani kocha, Twiga ana kumi na sita."

"Mwanangu," Bosi alisema kwa upole, "hayo ya umri tuachie sisi watu wazima. Wewe andika tu."

"Siandiki, Bosi."

Komeo alijua anaweza kupoteza unahodha, na hata nafasi yake langoni.

"Unajua ni nani aliyeotesha nyasi hizi?" Bosi aliuliza. Sasa upole ulikuwa umekwisha.

"Ni wewe, na tunakushukuru sana. Nyasi ni zako, Bosi. Saini ni yangu."

"Basi vueni jezi zangu," Bosi alisema, akatoka na kubamiza mlango. Kocha akamfuata mbio akimbembeleza.

"Umetuponza," alinung'unika winga wao, Pilipili. "Tutacheza na nini, sare za shule?"

Komeo alivua kitambaa cha nahodha akakiweka mezani, karibu na orodha. "Anayetaka kuandika, achukue."

Pilipili alikitazama kitambaa, akamtazama Twiga, akaguna. "Mimi mwandiko wangu mbaya," alisema, akamrudishia. Wenzake wakacheka, na woga ukawapungua.

Shangazi, aliyekuwa pembeni muda wote, alifungua kabati akatoa jezi za zamani, zilizopauka na kuwekwa viraka. "Zinanuka kabati," alisema, "lakini ni safi."

Walicheza kufa na kupona. Komeo aliokoa hata mpira wa penalti, lakini walifungwa mawili kwa moja. Bosi alisimama peke yake kando ya uzio mpaka filimbi ya mwisho. Alipokuja chumbani, safari hii alibisha hodi.

"Mmefungwa," alisema.

"Tumefungwa," Komeo alijibu, akimkazia macho. "Lakini tumefungwa sisi wenyewe. Tungeshinda kwa uongo, angeshinda nani?"

Bosi alimgeukia Twiga. "Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na sita. Kocha aliniambia nikikataa kudanganya sitacheza popote."

"Nilimbana kocha mimi," Bosi alisema polepole. "Nilitaka kushinda, sikujali kwa njia gani. Nisameheni. Tutaanzisha timu ya wasichana wakubwa, nawe utacheza huko kwa umri wako. Na zile jezi mpya ni zenu."

"Sasa nisikilizeni," shangazi alisema. "Nawe Bosi sikiliza, maana nilikufulia jezi ukiwa mdogo kama hawa. Mtu akikutendea wema, mshukuru kwa moyo wote. Lakini kumshukuru si kumdanganyia. Akikutaka uandike uongo wake kwa mkono wako, mkatalie, hata kama sauti inatetemeka."

Bosi aliinamisha kichwa. Kisha akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaanza kuokota jezi za matope sakafuni, moja baada ya nyingine.

"Nipe na yako, nahodha," alisema.