Barua Iliyoishia Kwenye Salamu

Kila siku baada ya shule, Nadège alichukua kitambaa kutoka kwenye vipande vilivyobaki katika ushonaji wa baba yake, fundi cherehani, akaenda kupangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Zilikuwa nne, zote za zamani, katika chumba kimoja cha matofali kando ya kanisa. Jenereta iliwashwa saa tisa alasiri na kuzimwa saa kumi na mbili. Kabla ya somo, Mwalimu Zihindula aliwasimamisha wanafunzi wake akaomba: "Bwana, tupe akili, utuepushe na uvivu, na jenereta isituzimikie. Amina."

Huo ulikuwa mwaka 2002, na vita vya Kongo vilikuwa bado havijaisha. Nadège alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na baba yake, Lwaboshi, walikuwa wametoka Uvira. Hapo Dzaleka, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu iliyempoteza njiani. Kwa hiyo Jumatano ilikuwa siku kubwa. Siku hiyo ofisi moja ya kanisa kule Area 49, mjini Lilongwe, ilituma disketi yenye barua zilizofika kwa mtandao kutoka Uvira, Kigoma na kwingineko. Watu walipanga foleni mlangoni ili wasomewe.

Foleni ilikuwa ndefu na kuzitafuta barua moja moja kulichosha, hivyo Mwalimu alimpa Nadège kazi. Atengeneze programu ndogo: mtu akitaja jina lake, libonyezwe kwenye orodha, na barua yake itokee hapo hapo.

Nadège aliishughulikia kwa wiki tatu. Dirisha la programu lilipendeza. Kushoto kulikuwa na orodha ya majina, na kulia kisanduku cheupe cha maandishi, chenye nafasi ya mistari kumi na miwili, kimezungushiwa rangi ya buluu. Jumanne, Mwalimu alikuja kulitazama.

"Umejaribu kuweka barua ndefu?" aliuliza. "Ndefu kabisa, ukaisoma mpaka mwisho?"

Hakuwa amejaribu. Alikuwa ameandika maneno machache tu, "Habari, mimi ni Nadège," akaona yametokea, akafurahi. Alitaka kusema hivyo. Lakini Cadeau, mvulana aliyekaa kwenye kompyuta ya jirani, alianza kucheka.

"Mwalimu, huyu mademoiselle iko najua kupaka rangi tu! Muulize kama kitu chake kinasoma!"

Nadège alihisi masikio yanawaka.

"Nimejaribu, Mwalimu," alisema. "Inafanya kazi vizuri."

Jumatano foleni ilikwenda haraka kuliko siku zote. Watu walishangaa. Nadège alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Wa tisa katika foleni alikuwa Mama Léoncie, jirani yao, aliyeuza maandazi sokoni. Miaka minne kabla, katika usiku wa kukimbia Uvira, watu waliposukumana kupanda mashua, binti yake Irambona aliponyoka mkononi mwake. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Tangu siku hiyo Mama Léoncie alifunga na kuomba kila Ijumaa. Pasteri Gélase, mchungaji aliyebaki katika kambi moja karibu na Kigoma, alikuwa ameahidi kumtafuta.

"Iko barua ya Pasteri!" Nadège alisema. Mama Léoncie alikaa kwenye benchi, akashika kikapu chake kwa mikono miwili.

Nadège akasoma: "Kwako dada yetu mpendwa katika Bwana, Léoncie. Nakusalimu katika jina la Yesu. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, tunaomba na wewe uwe mzima. Mke wangu anakusalimu. Watoto wote wanakusalimu. Mama Kankindi na wajukuu wake wanakusalimu. Kwaya yote ya vijana inakusalimu, na wazee wa kanisa pia. Hata wale majirani waliohamia upande wa juu wanakusalimu sana."

Hapo ndipo kisanduku kilipoishia.

"Endelea, mwanangu."

"Imeishia hapo, Mama."

"Imeishia? Pasteri Gélase aniandikie salamu tupu?" Mama Léoncie alisogea karibu na kioo, ingawa hakujua kusoma. "Angalia vizuri. Hakuna jina la Irambona?"

Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. Cadeau alikuwa anatazama.

"Hakuna, Mama. Imefika mwisho."

Mama Léoncie aliinuka taratibu. "Basi, Mungu anajua," alisema. Alitoka bila kukumbuka kikapu chake, na mtu wa nyuma ndiye aliyemkimbilia nacho.

Siku ya pili Nadège alikaa nyumbani baada ya shule, maana kichwa kilimuuma. Baba yake alikuwa ameacha cherehani, anaandika barua kwa kaka yake aliyebaki Fizi, kule Kongo.

"Nisomee, nione kama imekaa vizuri," baba alisema, akampa karatasi.

Nadège akasoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu kwa shangazi, wajomba, majirani, na mzee aliyekuwa akiwauzia samaki. Akageuza. Salamu ziliendelea.

"Baba, ulisema unamwandikia kuhusu mguu wako unaouma. Mguu uko wapi?"

Lwaboshi akacheka. "Weye! Mguu iko pale chini kabisa. Unaweza kuingia kwa nyumba ya watu, hujauliza watoto, hujauliza wazee, unaanza kulia shida mlangoni? Kwetu barua inasalimu kwanza. Habari yenyewe inakuja nyuma."

Nadège aliitazama karatasi. Akahesabu mistari ya salamu kwa kidole: kumi, kumi na miwili, kumi na tisa. Kisha akakumbuka kisanduku chake cheupe. Mistari kumi na miwili.

Aliiacha karatasi mezani na kukimbia. Nyuma yake baba aliita, "Kuna nini?" lakini hakusimama mpaka mlango wa darasa.

Mwalimu alikuwa anafundisha. Nadège alisimama mbele yake, anahema, na wanafunzi wote wakageuka.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema. "Sikujaribu barua ndefu. Ile barua ya Mama Léoncie, nadhani haikuishia pale."

Hakuna aliyecheka, hata Cadeau. Mwalimu alitia disketi, akaifungua ile barua bila kutumia programu ya Nadège. Mistari ikajaa kioo kizima. Alipobonyeza kitufe cha kushuka, mingine ikatokea. Nadège aliona majirani wa upande wa juu, halafu salamu nne zaidi, kisha maneno haya:

"Sasa dada, simama umshukuru Mungu. Irambona amepatikana. Alilelewa na watu wema. Anakuja na Mama Capitoline, kwa basi la Mbeya, watafika stendi ya Lilongwe Ijumaa asubuhi. Capitoline anaendelea na safari siku hiyo hiyo saa nne kwa basi la Blantyre, anakwenda Msumbiji kwa mume wake. Hana simu na hajui mtu Malawi. Uwepo pale, nakusihi. Usipokuwepo hawezi kumwacha mtoto stendi peke yake, itabidi aende naye, na huko sijui tutampataje tena."

"Leo ni siku gani?" Nadège aliuliza, ingawa alijua.

"Alhamisi," Mwalimu alijibu. "Bado tuna usiku mmoja. Twende."

Mama Léoncie alikuwa anakanda unga alipowaona mlangoni. Mwalimu alimwambia habari. Aliposikia jina la mtoto, alipiga magoti papo hapo, mikono ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akaomba kwa Kirundi kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Nadège.

"Jana nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Sasa bado moyo unanipiga, siwezi kusema vizuri." Alijifuta mikono. "Kesho utakwenda nami. Wewe unajua Kichewa cha shule na unasoma mabango. Ukinipotezea njia, nitakutwanga kama mahindi!"

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda kwa karani wa kambi kuwaombea barua ya ruhusa ya kutoka kambini. Alfajiri walipanda kabaza, baiskeli za kubeba abiria, kila mmoja na yake, mpaka barabara kuu. Hapo walikaa wakitazama barabara. Matola ya kwanza, gari la mizigo linalobeba abiria, ilipita imejaa, na ya pili pia. Midomo ya Mama Léoncie ilikuwa inacheza, na Nadège alijua anaomba. Naye akaomba, "Bwana, usimwadhibu Mama kwa ajili ya uongo wangu." Ya tatu ilikuwa pikapu yenye magunia ya mkaa, na dereva akawasogezea nafasi.

Walifika stendi saa tatu na nusu. Mabasi yalikuwa mengi na makondakta walikuwa wanaita abiria kwa sauti. Nadège alisoma bango moja baada ya jingine. Alimuuliza mwanamke muuza ndizi kwa Kichewa basi la Blantyre liko wapi, akaonyeshwa. "Zikomo, amayi," alimshukuru, akamvuta Mama Léoncie mkono.

Kwenye mlango wa basi hilo alisimama mwanamke mwembamba mwenye mabegi mawili. Kondakta alikuwa tayari anapandisha begi moja. Kando ya mwanamke huyo, msichana wa miaka kama tisa alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake.

"Mama Capitoline!" Nadège aliita kwa nguvu zake zote.

Mwanamke aligeuka. "Asante Yesu," alisema. "Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini huyu mtoto njiani."

Msichana alijificha nyuma ya kitenge. Mama Léoncie alichuchumaa mbele yake, asimguse, kana kwamba anaogopa atapotea tena.

"We njo mama yangu? Ndiye wewe?" mtoto aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Léoncie akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, mpaka machozi yakaanguka chini. Ndipo mtoto akaacha kitenge na kumsogelea. Nadège alikaa kwenye begi la mtu asiyemjua na kulia kama mtoto mdogo, kwa sababu mzigo wote wa siku mbili ulikuwa umetoka kifuani.

Jumamosi alirudi darasani kurekebisha programu. Aliweka pembeni mwa kisanduku mstari wa kupandisha na kushusha maandishi. Aliyafanya maneno yanayofika ukingoni yashuke yenyewe mstari wa chini. Chini kabisa ya kila barua aliongeza maneno "Mwisho wa barua," ili msomaji asikisie. Cadeau alikuja na kiti chake, akamsomea barua ndefu ili azichape, bila kutania sana.

Jioni Mwalimu alisimama nyuma yao.

"Umejaribu?"

"Nimejaribu barua nne, Mwalimu, mpaka mwisho. Ya tano bado."

Mwalimu Zihindula akavuta benchi akakaa.

"Nadège, kusahau kupima kisanduku ni kosa la mwanafunzi. Mimi pia nimefanya makosa ya namna hiyo, na nitafanya mengine. Lakini Jumanne nilipokuuliza, ungeniambia hilo neno, 'bado', tungekaa nusu saa tukarekebisha, na Mama Léoncie angelala Jumatano akiwa na furaha. Uliona aibu mbele ya mtu mmoja, na mama mzima akalala na huzuni. Mungu ametuhurumia, ametupa siku ya kutengeneza. Usitegemee kwamba kila uongo utapewa siku yake. Mtu anayesema kweli kuhusu kazi yake, hata kazi ikiwa haijaisha, watu wanaweza kuweka maisha yao mikononi mwake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Haya, tuone hiyo ya tano."

Cadeau akafungua karatasi na kuanza kusoma salamu, na Nadège akachapa zote, bila kuruka jina la mtu hata mmoja.