Waya wa Kumu Radoje

Kila alasiri Dunja alipotoka shule alipasha moto supu ya maharage aliyoachiwa na mama yake, akala, akavaa soksi mbili mbili, kisha akaenda ukumbi wa mji kwa mazoezi ya ngoma. Soksi hizo zilikuwa za lazima. Ukumbi huo wa mji wa Lipovac ulijengwa zamani za babu zao, na majira ya baridi mtu angeweza kugandisha nyama humo.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa Radoje, baba wa rafiki yake Tijana. Radoje alikuwa pia kumu wa familia yao: alisimama shahidi wazazi wa Dunja walipooana, na siku ya ubatizo ndiye aliyempakata Dunja mbele ya padri. Watu wa Lipovac husema, "Mungu mbinguni, kumu duniani." Pande zote mbili huitana kumu, na kugombana na kumu ni aibu ya ukoo mzima.

Vesna, mama yake Dunja, alikuwa mhandisi wa umeme. Alikuwa ameukagua ukumbi huo kabla ya baridi kuanza, akauwekea sahihi kwa sharti moja: hita zisiwashwe zote kwa pamoja, kwa sababu nyaya za ukutani zilikuwa nyembamba na kuukuu.

Wiki ya onyesho la ngoma, theluji ilianguka na Radoje akawasha hita zote. Fyuzi ikakatika. Dunja alimwona akiichomoa fyuzi ile ya kaure, akaizungushia nyuzi za shaba alizochuna kwenye waya mbovu, akairudisha mahali pake. Hita zikawaka tena.

"Kumu, mama anasema fyuzi haifungwi waya, haitakatika tena hata nyaya zikipata moto," Dunja alisema.

"Mama yako kasomea chuo cha Niš, mimi nimesomea baridi!" Radoje akacheka. "Hapa tunafunga waya tangu enzi za babu yangu. Ushaona nani kaungua? Haya, kachezeni. Na usimsumbue mama yako, ana kazi nyingi."

Dunja akaenda kucheza. Kumu habishiwi.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Watoto wadogo walikaa sakafuni mbele kabisa, na mama yake Dunja alikaa katikati ya akina bibi. Nyuma ya jukwaa, Dunja aliegemea ukuta uliotundikwa mavazi ya ngoma, akashtuka. Ukuta ulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Tena palinuka plastiki inayoungua.

"Tijana, hebu nusa."

"Usianze, Dunja! Nyanya yangu katoka kijijini kuja kuniona. Baba katumia mwezi mzima kuandaa hii. Ukisema, mji mzima utamcheka."

Dunja alijua hilo ni kweli, na moyo ulimuuma. Lakini aliwatazama wale wadogo waliokaa sakafuni, akavuka jukwaa mbele ya watu wote na kumnong'oneza mama yake habari ya ukuta na ya ule waya.

Vesna hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwenye swichi kuu akauzima umeme wote, kisha akasema kwa sauti, "Tokeni nje polepole. Watoto kwanza."

"Kumu hazimiwi taa na kumu mwenzake!" Radoje alifoka. Watu walitoka wakinung'unika kwenye theluji. Mafundi walioitwa walipoubandua ubao wa ukuta, mbao za ndani zilikuwa nyeusi, na moshi mwembamba ukapanda pale pale mavazi yalipokuwa yakining'inia. Manung'uniko yakakoma.

Radoje alimvuta Vesna kando. "Kumu, nakuomba. Waambie wakuu wa mji nyaya zilikuwa za zamani tu. Haya yaishe kati yetu."

"Nitasema ilivyokuwa, Radoje. Watu waliketi humu kwa kuamini sahihi yangu."

Radoje akaondoka bila kuaga. Tijana naye aliacha kumsalimu Dunja, na Dunja alilia chini ya blanketi.

"Mama, si ungechagua kazi nyingine ya umeme?" aliuliza. "Kuchora mitambo ofisini, huko ambako hakuna kumu."

"Nilianza shule ya ufundi nikipanda nguzo," Vesna alimjibu. "Nikasoma uhandisi, nikafanya kazi kwenye bwawa la umeme, sasa nakagua. Na wewe ukitaka, utachagua njia yako: kuchora, kujenga, hata kufundisha. Ila popote utakapokwenda, mwanangu, umeme haujui kumu ni nani."

Siku ya Mtakatifu Nikola ikafika, sikukuu ya ukoo wao. Kwa desturi, siku hiyo hakuna mgeni anayealikwa. Anayekupenda huja mwenyewe, na aliyekasirika hukaa kwake. Mishumaa iliwashwa, samaki wakakaangwa. Kiti cha kumu kilikuwa kitupu, na Vesna alikitazama mara kwa mara.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Radoje, kofia mkononi, Tijana nyuma yake. Alichota kijiko cha ngano iliyochemshwa ya sikukuu akala, kama ilivyo desturi, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaweka mezani ile fyuzi, nyuzi zake za shaba zimeungua.

"Nimewaeleza wakuu wa mji mimi mwenyewe habari ya waya huu," alisema. "Ukumbi utawekwa nyaya mpya." Akawageukia wasichana. "Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ugonjwa wa nyumba, na wanangu ninyi mlisimama karibu nao kuliko wote. Dunja, kunihofia mimi ni heshima, lakini kusema kweli mbele yangu ni heshima kubwa zaidi. Mkishika kazi yoyote, msiruhusu hata kumu awanyamazishe."

Tijana alisogea kwenye benchi, akampisha Dunja akae karibu naye. Vesna alikivuta kile kiti. "Keti, kumu," alisema. "Samaki wanapoa."